Uzi (mjadala) wa mafundi wa CNC, mashine za kuchonga zinazoongozwa na kompyuta: beringi za skrubu ya gololi na namna ya kukereza ncha zake

MlangoWaMvule (Ngamiani, Tanga)

Wakuu, salaam.

Naleta jambo lililonila karibu mwaka mzima. Mimi ni fundi seremala, natengeneza milango ya nakshi na vitanda. Nina mashine ya CNC niliyoiunda mwenyewe, fremu ya chuma cha kuchomelea, na mhimili mrefu unaendeshwa na skrubu ya gololi (nati yake inatembea juu ya gololi) ya 1605, yaani kipenyo milimita 16 na kila mzunguko mmoja nati inasogea milimita 5. Kati ya beringi ya huku na ya kule ni mita 1.2.

Mashine ilikuwa na magonjwa mawili. La kwanza: nikichonga duara, halitoki duara. Ukipitisha kidole ukingoni unakuta vijingazi vinne, juu, chini, kulia na kushoto, mithili ya saa 12, 3, 6 na 9. La pili: asubuhi inafanya kazi vizuri, lakini ikishachonga mvule saa tatu mfululizo, skrubu inaanza kunguruma katikati na mota inapoteza hatua. Ua nililolianza asubuhi halikutani na ua la mchana.

Nilibadilisha programu, nikabadilisha draiva, nikanunua mota kubwa zaidi. Fedha zikateketea. Siku moja nikaazima daili geji (kipimo cha sindano), nikaigusisha mwisho wa skrubu, nikaivuta na kuisukuma skrubu kwa mkono. Sindano ikaenda na kurudi milimita 0.09. Skrubu nzima ilikuwa inatembea mbele na nyuma ndani ya beringi zake! Hapo programu inahusika vipi?

Nikafungua. Kila ncha ilikuwa na 6001, beringi ya kawaida ya gololi, ile unayoikuta kwenye mota na pampu. Nilipokwenda kununua niliomba 7001, nikaambiwa "zote ni zilezile, angalia mwenyewe". Kwa vipimo ni kweli: zote mbili ni tundu 12, nje 28, upana 8. Ukizipanga mezani utadhani mapacha. Lakini kazi yake ni tofauti kabisa, na ningeomba kila anayesoma hapa alielewe hili hata kama ataacha mengine yote.

6001 imeumbwa kubeba mzigo unaotoka ubavuni mwa shafti. Ndani yake pameachwa nafasi ndogo makusudi, kwa hiyo ukiisukuma shafti kwa urefu wake, pete ya ndani inasogea kidogo kabla gololi hazijakamata. Skrubu ya gololi inafanya kinyume chake: mzigo wake karibu wote ni wa kusukuma na kuvuta kwa urefu. Kila mota inapogeuza mwelekeo, ule msogeo mdogo unaliwa kwanza ndipo meza inaanza kutembea. Duara lina sehemu nne ambapo mmoja wa mihimili miwili unageuka. Ndiyo vile vijingazi vinne.

7001 ni beringi ya pembe. Gololi zake zinagusa njia kwa mshazari, kwa zile za kawaida za skrubu ndogo ni nyuzi 30 hivi, na zile maalumu za mashine kubwa hufika nyuzi 60. Inabeba msukumo mkubwa, lakini wa upande mmoja tu. Kwa sababu hiyo lazima ziwe mbili, zinatazamana au zinapeana mgongo, kisha zibanwe pamoja mpaka nafasi yote iishe. Zikishabanwa hivyo, skrubu haina pa kwenda.

Namna ya kuzitofautisha bila kusoma namba (maana namba inaweza kupigwa na yeyote): ishike beringi iliyo wazi kwenye mwanga, tazama pete ya nje kutoka upande mmoja, halafu igeuze. Kama kingo za pete ya nje ziko sawa pande zote mbili, hiyo ni ya kawaida. Ya pembe ina ukingo mnene upande mmoja na mwembamba upande wa pili. Mimi nilifungua nyumba ya beringi ya BK12 (ile inayoishika skrubu upande wa mota isisogee) mpya kabisa nikakuta ndani mna 6001. Kwa hiyo fungueni kabla ya kufunga.

Hilo ndilo la duara. La joto ni kosa langu la pili. Niliamini kwamba kukaza ncha zote mbili ndiyo uimara, kwa hiyo huku nilikaza nati ya kubana beringi na kule nikakaza nati. Chuma kinarefuka takriban maikromita 12 (elfu za milimita) kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya joto. Mita 1.2, ikipanda nyuzi 10, ni milimita 0.14. Haina pa kurefukia, inapinda katikati kama upinde, ndiyo ule mngurumo.

Sasa nataka kuanza upya na kufanya inavyotakiwa: upande wa mota BK12, upande wa pili BF12, nyumba ya kuegemeza tu. Skrubu ninayo nyingine, haijakerezwa ncha. Naomba wenye uzoefu wa leizi (mashine ya kukereza) mniambie ncha zichongweje, maana fundi wa kwanza niliyempelekea alivunja visu viwili akanirudishia.

---

Mwambao_Sahare

Mkuu, hongera kwa maelezo. Ila hapo kwenye joto nina neno. Fremu yako nayo ni chuma. Jua la Tanga likipanda, fremu inarefuka sawa na skrubu, kwa hiyo tofauti inakuwa sifuri. Hesabu yako ya 0.14 inakosea.

---

MlangoWaMvule

Uko sahihi kwa joto la hewa, na nashukuru umelisema. Ningekuwa nazungumzia jua tu, hoja yangu ingekufa. Lakini skrubu inajipasha yenyewe: nati ina gololi zilizobanwa zinazosugua njia ileile maelfu ya mara, na beringi zilizokazwa nazo zinatoa joto. Nilipoigusa skrubu mchana ilikuwa ya moto, fremu pembeni yake haikuwa na habari. Tofauti kati ya hizo mbili ndiyo inayoleta balaa.

---

Mkerezaji_Chumbageni

Kijana, nimeusoma uzi wako wote. Nakereza tangu enzi za mashine za mkonge zinaletwa karakana kwetu kila wiki, na skrubu hizi zimeanza kuja mikononi mwangu miaka ya karibuni. Nitakueleza ninavyofanya.

Fundi wako alivunja visu kwa sababu alianza na kisu cha kawaida juu ya ngozi. Ngozi ya skrubu hii imegumishwa kwa moto mpaka ugumu wa Rockwell C 58 hadi 62. Faili inateleza juu yake kama juu ya kioo. Lakini ugumu huo uko nje. Ukishaivuka ngozi, ndani chuma kinakatika vizuri tu. Kwa hiyo tumia kisu cha karbaidi, funga kila kitu kifupi na kigumu, na mkato wa kwanza uzame chini ya ngozi. Ukilamba juu juu, unasugua kisu kwenye sehemu ngumu tupu, na tena njia ya gololi inakigonga kila mzunguko. Mimi huanza kwa kuiondoa ngozi kwa grainda pale panapokwenda kukerezwa tu, huku skrubu ikizunguka taratibu, na kitanda cha leizi nimekifunika kwa turubai lililoloweshwa ili vumbi la jiwe lisiingie kwenye reli. Baada ya hapo karbaidi inakwenda.

Wapo wanaopasha ncha kwa gesi mpaka iwe nyekundu ili ilainike. Sikatazi, lakini mimi siipendi. Joto linatembea. Utalainisha na sehemu ambayo nati inapita, na skrubu inaweza kupinda. Anayelazimika basi azungushie kitambaa chenye maji karibu na pale moto unapoishia.

Kabla ya yote: nati itoke kwenye skrubu, lakini usiivute ikatoka hivihivi. Gololi zitamwagika sakafuni. Tafuta bomba ambalo kipenyo chake cha nje ni kidogo kuliko shina la skrubu, yaani kipenyo chake kwenye mabonde. Kwa 1605 shina ni kama milimita 13, basi bomba la 12.5 linafaa. Liweke kichwa kwa kichwa na ncha, zungusha nati ihamie juu ya bomba, funga utepe wa gundi wa karatasi pande zote mbili, weka kwenye mfuko safi. Vumbi la mchanga likiingia humo umeua nati.

Kushika: usiibane skrubu kwa meno matupu ya chaki, ile taya ya leizi inayoshika kazi. Tengeneza bushi ya shaba au alumini iliyopasuliwa upande mmoja, iingie juu ya skrubu, ndipo ubane. Skrubu ipite ndani ya tundu la spindo, na upande wa nyuma uwekewe kizuizi isije ikapigapiga. Weka daili geji juu ya migongo ya skrubu karibu na chaki, igongegonge mpaka mchezo ushuke chini ya sehemu mbili za mia, yaani milimita 0.02. Hapo usiwe na haraka. Mimi naweza kutumia saa nzima kwenye kulenga na nusu saa kwenye kukata.

---

MlangoWaMvule

Shikamoo mzee wangu. Nashukuru sana. Vipimo vyenyewe je? Kuna mchoro niliupata lakini nataka kuelewa kila kipimo kinafanya nini.

---

Mkerezaji_Chumbageni

Marahaba. Tuanze na ncha ya mota, ile ya BK12. Ukitoka kwenye uzi wa skrubu unakwenda nje, unakutana na vitu vinne.

Kwanza bega, pale skrubu inapopungua ghafla kuwa nyembamba. Hapa ndipo pete ya ndani inapoegemea, na bega likiwa na mshazari hata wa nywele, beringi inakaa upande na skrubu inayumba kila mzunguko. Lakini angalia: skrubu yako ina 16 kwa nje na 13 kwenye shina, shingo ni 12. Maana yake njia ya gololi inafika mpaka kwenye bega na kulikata. Upande mmoja bega ni pana, upande wa pili limebaki nusu milimita. Usiegemeze beringi moja kwa moja hapo. Ndani ya BK12 kuna pete mbili za spesa. Moja inakaa kati ya bega na beringi, inasambaza mzigo. Watu wengi huziona kama mabaki wakazitupa.

Pili shingo, milimita 12, uvumilivu (kosa linaloruhusiwa) wa h6. Kwa milimita ni kuanzia 12.000 kushuka hadi 11.989. Hapo venia haifai, chukua kipimo cha skrubu kinachoitwa nacho maikromita. Ukishafika, paka mafuta, beringi iingie kwa kusukuma na vidole gumba. Ikihitaji nyundo, rudi mezani. Ikidondoka yenyewe, umeharibu. Kona ya shingo na bega usiiache na mviringo mkubwa: ukingo wa beringi hii umekatwa kidogo tu, milimita 0.3. Mviringo ukiuzidi, pete inakaa juu ya mviringo badala ya kwenye bega. Chimba kijifereji kidogo konani, umemaliza.

Tatu uzi wa nati ya kubana beringi, M12 hatua ya 1, yaani kipenyo milimita 12 na meno yamepishana milimita 1. Ukate kwenye leizi kwa kisu, usitumie dai ya mkono (kifaa cha kukatia nyuzi), na ukatwe bila kuitoa skrubu kwenye chaki. Shingo, bega na uzi vikitoka katika ushikaji mmoja, vinalingana. Ukiitoa ukairudisha, nati itakaza beringi kwa upande mmoja na itaipinda shafti.

Nne kishina cha kapilingi (kiungo cha skrubu na mota), milimita 10. Umejiuliza kwa nini 10? Kwa sababu bonde la uzi wa M12 hatua ya 1 liko karibu 10.8, kwa hiyo nati inapita juu ya kishina bila kukwaruza. Mtu akiacha 11, nati haifiki.

Ncha ya pili, ya BF12, ni rahisi. Shingo ya milimita 10, h6 tena, na humo inaingia 6000 ya kawaida. Hiyo hapo ni halali yake, kwa kuwa haibebi msukumo. Kata mfereji wa klipu ya duara, kipenyo 9.6, upana 1.1. Klipu inaishika pete ya ndani kwenye shafti. Pete ya nje inaachwa iteleze ndani ya nyumba yake. Skrubu ikirefuka, beringi inasogea nayo. Usiipake gundi, usiiwekee kifuniko cha kuibana. Nimeona mtu ameitilia skrubu ya kubania kutoka juu kwa kuona "inacheza". Ile ndiyo kazi yake.

---

BintiFundi

Wazee na kaka zangu, nimefuatilia kwa makini. Mimi ni fundi umeme lakini niliwahi kufanya hesabu ya kasi ya skrubu ya mashine tuliyounda chuoni, naomba niiongeze.

Skrubu ndefu ikizunguka kasi inafika mahali inaanza kupiga kama kamba ya kuruka. Kasi hiyo inategemea ncha zimeshikwaje. Kanuni inayotumika kwenye katalogi, ikiwa na punguzo la usalama ndani yake: chukua kipenyo cha shina, gawa kwa urefu mara urefu (milimita zote), zidisha kwa milioni 10, kisha kwa namba ya ushikaji. Namba hizo ni 3.4 kama ncha moja imefungwa na ya pili iko hewani, 9.7 kama zote zimeegemezwa tu, 15.1 kama moja imefungwa na nyingine imeegemezwa, na 21.9 kama zote zimefungwa.

Kwa skrubu ya kaka hapo juu, shina 13 na urefu 1200:
hewani, mizunguko 307 kwa dakika;
zote zimeegemezwa, 876;
BK na BF (moja imefungwa, nyingine imeegemezwa), 1363;
zote zimefungwa, 1977.

Kwa hatua ya milimita 5, mizunguko 1363 ni kama mita 6.8 kwa dakika. Anayeacha ncha ya pili ikining'inia ili kuokoa bei ya BF anabaki na mita 1.5. Na urefu unaumiza zaidi ya kitu chochote: ukiongeza mara mbili, kasi inagawanyika kwa nne.

Swali langu: kama zote zimefungwa zinatoa 1977, kwa nini isiwe hivyo, tukitafuta namna ya kushughulika na joto?

---

Mkerezaji_Chumbageni

Binti, hesabu yako imenyooka. Hufanyika, kwenye mashine kubwa. Skrubu inavutwa kwanza, inakazwa ikiwa imenyooshwa kidogo, ili ikipata joto irudi kwenye urefu wake badala ya kusukuma. Lakini mvuto huo unabebwa na fremu. Fremu ya kuchomelea ya mabomba ya mraba itakunjana yenyewe. Na beringi za pembe utahitaji pande zote mbili, zenye uwezo wa kubeba mvuto huo juu ya mzigo wa kazi. Kwa mashine ya mbao yenye mita 1.2, kama unataka kasi, nunua skrubu ya 1610. Hatua ni 10, mizunguko ileile inakupa mita 13.6. Utapoteza nusu ya uchambuzi wa hatua za mota, na kwa mbao hutaona tofauti.

---

Mwambao_Sahare

Kuna aliyesema beringi zinatazamana au zinapeana mgongo. Ipi ni bora? Nimesoma kwamba mgongo kwa mgongo ni imara zaidi.

---

Mkerezaji_Chumbageni

Ni imara zaidi dhidi ya shafti kuinamishwa, kweli. Lakini skrubu tayari inashikwa na nati, na nati imefungwa kwenye meza inayopita juu ya reli. Ukiongeza beringi isiyokubali kupinda hata chembe, na fremu yako haijanyooka, vinapigana vyenyewe kwa vyenyewe. Uso kwa uso inasamehe kidogo. Ndiyo maana nyumba nyingi ndogo za namna hii zinakuja uso kwa uso. Kwetu sisi wa fremu za kuchomelea nasema iacheni ilivyo.

---

Nanga_Bagamoyo

Habari za Tanga. Mimi niko Bagamoyo, nachonga vibao vya majina na nakshi za milango. Mhimili wangu wa Z, ule wa kupanda na kushuka, una skrubu fupi ya 1204. BK niiweke juu au chini? Na nina shida nyingine: umeme ukikatika, kichwa kinashuka chenyewe mpaka biti inatoboa kazi. Nimeshaharibu mbao mbili za mninga.

---

MlangoWaMvule

Kaka, BK weka juu, pamoja na mota, ili skrubu ining'inie na uzito uivute. Chuma chembamba kinastahimili kuvutwa kuliko kusukumwa, kikisukumwa kinapinda. Kwa 1204 nyumba yake ni BK10, na uzi wa nati ni M10 hatua ya 1.

Kushuka si ubovu. Skrubu ya gololi ni laini mno, haijifungi. Skrubu ya meno ya trapeza ilikuwa inajishika kwa msuguano, hii ukiisukuma nati, skrubu inazunguka. Unahitaji mota yenye breki inayofunga umeme ukikatika, au uzito wa kusawazisha upande wa pili, au zile fimbo za gesi za mlango wa nyuma wa gari. Mimi nimetumia fimbo mbili za gesi, kichwa kinabaki pale pale.

---

BintiFundi

Nyongeza kidogo kwa walio karibu na bahari kama Raskazone: chumvi inakula skrubu usiku mmoja ikiachwa kavu. Grisi nyepesi, ifutwe na kurudishwa, kwa sababu vumbi la mbao likichanganyika na grisi nene linakuwa kama msasa.

---

MlangoWaMvule

Wakuu, mrejesho. Skrubu imekerezwa Chumbageni, nimeifunga juzi.

Nilifuata mpangilio huu: bega, spesa, beringi mbili za pembe, spesa, nati. Kifuniko cha mbele cha BK kinabana pete za nje, na kabla ya kukaza boliti zake nne nilihakikisha kuna uwazi mdogo kati yake na nyumba, kama unene wa karatasi. Kisingekuwa na uwazi huo kingebana nyumba, beringi zingebaki legelege ndani. Nati niliikaza polepole huku naizungusha skrubu kwa vidole, mpaka nikasikia uzito laini ulio sawa mzunguko mzima, kisha nikafunga kiskrubu cha pembeni juu ya kipande cha shaba kisiume uzi.

Kulenga: niliikaza BK kwanza. Nikaileta meza karibu nayo, nikakaza mabano ya nati. Nikaipeleka meza mpaka mwisho wa pili, nikaiacha BF ijitafutie mahali pake, ndipo nikakaza boliti zake. Upande mmoja ilitaka bati la 0.3 chini yake. Ningeilazimisha, ningerudi kule nilikotoka.

Daili geji: nikivuta na kusukuma, sindano inasogea 0.01. Nimechonga mvule kutwa nzima jana. Jioni nikaiangalia BF, pete ya nje imesogea, kuna alama ya mafuta inayoonyesha imeteleza kama unene wa unywele. Duara nimelipitisha kidole mara tatu. Pale mhimili huu unapogeuka hakuna kijingazi.

Mzee, skrubu ya mhimili wa pili nayo ina 6001. Nikuletee lini?

---

Mkerezaji_Chumbageni

Alhamisi baada ya swala ya adhuhuri. Njoo na nyumba zote mbili, BK na BF, nipime tundu zake kabla sijakata. Na nati ije juu ya bomba.